Ombi la Kusajili Wembe kuwa Kifaa Tiba

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

YAH: USAJILI WA WEMBE NA KIJIKO CHA CHAI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa kuwa Mamlaka husimamia dawa na vifaa tiba, na kwa kuwa wembe wa kukatia vidonge unatumika katika nyumba za Daraja Mbili, Arusha, bila namba ya usajili, inaombwa kwa heshima usajiliwe, pamoja na msaidizi wake, kijiko cha chai.

Kazi yake ni ya kitaalamu. Mtoto wa kilo 10 mwenye kichocho, akiandikiwa praziquantel kwa kipimo cha kawaida cha miligramu 40 kwa kilo, anastahili miligramu 400, ilhali kidonge kilichozoeleka ni cha miligramu 600. Basi mama huinamia sahani, akakata theluthi mbili kwa jicho, akasaga kwa mgongo wa kijiko na kukoroga katika uji ili uchungu usiirudishe dozi yote kifuani mwake. Kwa miaka mingi maelezo ya dawa hiyo yalisema tu kwamba usalama wake kwa walio chini ya miaka 4 haujathibitishwa. Hayo ndiyo matumizi nje ya kibali, yaani kutoa dawa kwa umri, kipimo au ugonjwa usiotajwa katika usajili wake. Daktari akiandika, anakadiria. Asipoandika, anamwacha mtoto na ugonjwa wake.

Ishukuriwe pia huruma ya kumlinda mtoto dhidi ya utafiti wenye madaktari, vipimo na kamati ya maadili, ili ajaribiwe jikoni. Ni kweli kwamba ini la kichanga halijakomaa, na kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 dawa ya kloramfenikoli iliua vichanga Marekani. Lakini wembe haujali ini.

Wapo wanaodai kuwa mtoto anaweza kutengenezewa dawa yake. Wanataja utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha watoto 899 wa nchi 5 za Afrika, Tanzania ikiwamo, ambao ulifungua njia kwa dawa mseto ya malaria inayoyeyuka majini. Wanataja pia arpraziquantel, kidonge cha kichocho cha miligramu 150 kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6, kilichokubaliwa na wataalamu wa mamlaka ya dawa ya Ulaya Desemba 2023.

Ombi hili likionekana la kipuuzi, lipo jepesi zaidi: kila anayeleta dawa kusajiliwa aulizwe kipimo cha mtoto, na jibu lake liandikwe kwa Kiswahili ndani ya boksi. Siku hiyo wembe utarudi kwa kinyozi.