Shangazi na Mshipa wa Shingo

Shangazi yangu wa Tanga hahitaji maabara. Anakutazama shingoni, mshipa ukirukaruka, basi una mimba. Alipokuja kutusalimia Temeke alinikuta nasinzia mchana, nakula embe bichi kwa chumvi na pilipili, na nimeshamkataza mume wangu kujipulizia yale manukato yake.

"Aa, mwanangu," akasema, "mimba imeshamkataa baba yake."

Nikamweleza kwamba uchovu, matiti kuuma na kununanuna ni mambo yangu ya kila mwezi hedhi ikikaribia, kwa sababu projesteroni hupanda yai likishapevuka, mimba iwepo isiwepo. Akasema huyo Projesteroni hamjui, shingo anaijua.

Basi tusubiri, nikamsihi. Homoni inayotafutwa na kipimo, hCG, haionekani mpaka mimba ijishikize kwenye ukuta wa mji wa uzazi, kati ya siku 6 na 12 baada ya yai kupevuka. Ukipima kabla tarehe ya hedhi haijapita, waweza kuambiwa huna kumbe unayo. Jioni ileile Shangazi akamtuma mume wangu duka la dawa. Muuzaji akauliza kwa sauti ya mnadani, "Kipimo cha mimba au cha sukari?" Foleni nzima ikageuka. Mtaa ukapata habari kabla yangu.

Miaka ya 1930, ili kupima mimba, chura jike wa Afrika Kusini alidungwa mkojo wa mwanamke. Akitaga mayai ndani ya siku moja, hongera. Chura yule angalau hakuwa na simu.

Kulipokucha nikapima kwa mkojo wa kwanza, ambao huwa mzito zaidi. Mstari mmoja. Dakika tano zikapita, mmoja vilevile. Nikatupa kijiti, nikaenda zangu kazini. Nani angedhani mtu mzima na heshima zake atafukua ndoo ya taka? Adhuhuri mkojo ulikuwa umekauka, umeacha kivuli cha mstari wa pili. Ndiyo maana maelekezo hukataza kukisoma kijiti baada ya dakika 10. Shangazi na maelekezo wapi na wapi! Vigelegele vilifika kituo cha daladala.

Hedhi ilikuja wiki hiyohiyo. Tanga walikuwa wameshapakia doti za khanga kwenye basi. Nimezipokea, moja iko kwa fundi.