Mtu Anayelisha Maji

Wilayani Kasese, Uganda, samaki na chumvi wamejuana tangu zamani, ila kwa utaratibu mmoja tu: samaki hufa kwanza, chumvi hufuata. Samaki wa Ziwa Edward na Ziwa George hupasuliwa, hutiwa chumvi, hukaushwa, kisha huvushwa mpakani Mpondwe, hapo Bwera, wakaliwe Congo. Basi anayetangaza kwamba atafuga samaki wa baharini wakiwa hai, sebuleni kwake, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi, asishangae majirani wakimtazama kwa huruma. Huruma yenyewe haina kosa; sababu yake ndiyo yenye kosa. Umbali wa bahari hauui samaki, maana maji ya bahari huundwa popote penye maji safi na mchanganyiko sahihi wa chumvi, gramu 35 hivi kwa lita. Kinachoua ni mwenye tangi kushindwa kukaa mwezi mmoja na tangi lisilo na samaki. Nami nadai kwamba mtu wa Kasese ndiye wa mwisho kustahili kisingizio cha kukosa subira hiyo.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachooza huiongeza. Baharini amonia hiyo humezwa na maji mengi. Ndani ya lita 200 hubaki palepale, ikimuunguza aliyeitoa. Wako bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wako wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia. Mrusi Sergei Winogradsky aliionyesha kazi yao mnamo 1890, na tangu hapo hawajaongeza kasi. Bakteria wa tumboni, akipata mazingira mazuri, hugawanyika kila baada ya dakika 20; hawa wetu huweza kumaliza siku nzima kabla ya kuongezeka maradufu. Ndiyo maana tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita kukomaa. Tena lazima walishwe. Kipande cha ngege kisichotiwa chumvi, kilichonunuliwa sokoni, kikiachwa kioze ndani ya maji, kitawatosha. Hapo ndipo heshima ya mtu inapomponyoka. Shemeji atakuja kutoka Bwera, atainama mbele ya kioo kinachowaka taa, na kuuliza, “Shemeji, samaki wako wapi?” Jibu ni, “Bado.” “Na hiki kinachooza?” “Ni chakula.” “Cha nani?” Hakuna jibu la swali hilo litakalomfanya shemeji alale kwa amani, na kabla ya Jumapili ukoo mzima utajua kwamba kuna mtu mjini anayelisha maji.

Lakini mji huu umeshawahi kuajiri bakteria. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulipofifia, uliacha Kasese lundo kubwa la mabaki ya madini yenye kobalti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kilianzishwa kiwanda cha kuitoa kobalti hiyo, na wafanyakazi wake wakuu hawakuonekana kwa macho: bakteria ndani ya matangi makubwa yaliyopulizwa hewa na kutiwa virutubisho, wakiyatafuna madini hadi kobalti ikaachia. Hakuna mhandisi aliyemwaga madini yote siku ya kwanza kisha akalalamika kwamba bakteria hawajitumi. Waliwakuza kwanza. Kilichofanyika pale kwa tani kinaweza kufanyika sebuleni kwa lita.

Atatokea mzalendo wa kuuliza kwa nini chumvi ya tangi iagizwe kutoka nje ilhali Ziwa Katwe lipo. Lipo, na chumvi yake imelisha watu kwa karne nyingi, lakini si bahari. Imejaa kaboneti na salfeti, ina upungufu wa kalisi na magnesi, na maji yake ni makali kiasi kwamba ziwa lenyewe halina samaki. Kilichokishinda kiwanda cha chumvi kilichojengwa Katwe ni maji hayohayo kuyala mabomba ya chuma; tusiyatarajie kuwa mapole kwa matamvua. Somo la Katwe liko kwingine: jua huondoa maji na kuiacha chumvi. Tangi nalo hupungua kwa njia hiyohiyo, na anayelijazia kila mara maji ya chumvi badala ya maji baridi ameshaanza kujenga Katwe ya pili karibu na televisheni.

Wengine watasema atupwe samaki mmoja sugu, alete amonia yeye mwenyewe. Njia hiyo hufanya kazi, kama vile kupima kina cha mto Nyamwamba wakati wa mafuriko kwa kumtuma mtoto wa jirani. Bakteria wa chupa ni hoja nzito zaidi, na chupa nzuri hufupisha wiki kadhaa kweli. Ila hao ni viumbe hai, na chupa iliyosafiri na kukaa juani inaweza kuwa supu tu. Kipimo cha amonia ndicho cha kuaminiwa: ile iliyotiwa leo isionekane kesho, wala nitriti isionekane. Hapo maji mengi hubadilishwa na samaki wawili wadogo wa pwani ya Kenya huagizwa. Wawili tu, kwa sababu bakteria waliokuzwa na kipande cha ngege ni wa kutosha kipande cha ngege.

Kwamba yote haya ni anasa, sipingi. Chumvi ni ghali, samaki ni ghali, na umeme ukikatika usiku pampu inanyamaza na hao bakteria wanakosa hewa. Lakini anayelalamikia gharama ndiye hasa anayepaswa kusubiri, maana mwenye haraka atawalipia samaki walewale mara mbili. Mwezi wa kungoja haugharimu kitu ila harufu ya ngege, na madirisha ya Kasese yanafunguka.