Sifa za Bunju

Nguru kasifiwa vya kutosha. Changu ana wapenzi kila soko la pwani, na papa potwe, anayeonekana sana maji ya Kilindoni, kisiwani Mafia, kuanzia Oktoba, ana wageni wanaovuka bahari na kulipa fedha za kigeni ili waogelee ubavuni mwake. Bunju hana mtu. Basi nimsifu mimi, maana msimu unaanza na ndiye wa kwanza kufika.

Mvuvi wa mshipi wa Miburani anajua ninachosema. Miezi yote ya kusi bahari imemfungia mlango. Deni la dukani limenona, na mke ameanza kuuliza mambo kwa upole usio wa kawaida. Siku kusi linapolegea na maleleji kuingia, maji yanalala, naye anaamka alfajiri, anakata ngisi vipande vya heshima, anaazima kisanduku cha barafu kwa mchuuzi kwa ahadi kwamba jioni kitarudi na nguru. Anateremsha chubwi. Anangoja. Changu hayupo. Kolekole hayupo, labda bado yuko safarini. Kisha kidole kinahisi: tk, tk. Moyo unaruka. Nani huyo aliyemjali? Bunju.

Tazama adabu yake. Samaki wengine hudaka kwa pupa, wakameza, wakajiponza. Bunju, ambaye meno yake manne yameungana yakawa koleo, hula ngisi pembeni pembeni, na akishashiba huukata mshipi juu kidogo ya ndoano ili usipate taabu ya kumng'oa. Kinachorudi ni uzi mwepesi.

Mara chache hukosea hesabu, ukampata. Anatua sakafuni mwa ngalawa, mdogo, mwenye madoa, hana makuu. Ghafla anavuta hewa: tumbo jeupe linajaa, ngozi inakaza hadi vimiba vinasimama, mapezi yanabaki yakipunga pembeni bila kazi yoyote, na meno yanasagana kwa sauti ya kukera. Mvuvi mwenye deni anatazamana na duara lililomkasirikia. Sijui kati ya hao wawili nani ana haki zaidi ya kuvimba.

Wasiompenda hutaja sumu. Ni kweli, ini na mayai yake hubeba tetrodotoksini, moto wa jikoni hauiondoi, na dawa ya kuitengua haijapatikana. Midomo hufa ganzi, kisha viungo, kisha pumzi, na akili iko macho inashuhudia. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Hawakuthubutu kusema hula bunju. Lakini changu asiye na sumu kaishia wapi, kama si kikaangoni? Kapteni James Cook alionja ini na mayai ya samaki wa ukoo huu huko New Caledonia mwaka 1774, akanusurika. Nguruwe aliyekula matumbo alikutwa amekufa. Japani, anayetaka kumwandaa mezani lazima awe na leseni. Yaani wenzetu hufanya mtihani ndipo wamguse, na kwetu anakuja bure, hata hujamwita.

Mafia ina Hifadhi ya Bahari tangu 1995, ya kwanza nchini, yenye kanuni zake za nyavu na maeneo. Wa kulindwa ni wengi. Bunju hajampotezea mlinzi hata lita moja ya petroli.

Lakini fadhila yake kubwa ni ile tk, tk. Mshipi ukinyamaza tangu alfajiri, adhuhuri mvuvi angekuwa nyumbani, na kesho asingetoka. Bunju humbakiza pale juani. Kila akidonoa, yule wa juu anaona nguru. Anafunga ndoano nyingine, anakata ngisi mwingine, anasogea upande wa pili wa mwamba.

Jioni kisanduku kinarudishwa, barafu imekuwa maji.

"Vipi mjomba, nguru?" anauliza mchuuzi.

"Wapo! Wanakata mshipi tu."

Bunju huko aliko hatadai haki yake. Amekubali kuitwa nguru, wakubwa kwa wadogo, na kwa jina hilo mchuuzi analainika, anafungua daftari, anamkopesha mjomba pakiti nyingine ya ndoano na kumshauri kesho awahi zaidi.