Fundi wa Meli Ashuka Tulia

Huku kwetu Tulia hatuna bahari wala ziwa. Mito yetu yenyewe, mwezi baada ya mwezi, ni mchanga mtupu, na maji tunayafukua. Sasa naomba mtu anieleze kwa nini nyumba yangu imefungwa stima na fundi wa meli.

Aliletwa na shemeji. Eti bingwa, kafunga taa za maboti Mombasa hadi mikono ikanuka chumvi. Mwaka 2015 serikali ilipoanza mradi wa Last Mile, ada ya kuunganishiwa stima ilishuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, nasi tukashangilia. Lakini mradi unaishia kwenye mita. Kutoka hapo hadi kwenye balbu, uko mikononi mwa shemeji.

Tazama taa ya ukumbini. Ina swichi mbili, moja mlango wa mbele, moja karibu na vyumba vya kulala, ili uwashe huku uzime kule. Yetu yataka kikao. Swichi ya mbele isipokaa anavyopenda fundi, ya nyuma haifanyi kazi.

"Mama Mwende, inua yako!"

"Nimeinua!"

"Basi shusha!"

Hapo watoto wameshaamka, na haja iliyonitoa kitandani imekata tamaa.

Ya chumbani ndiyo kiboko. Ukiizima, balbu ya LED haizimiki kabisa. Inabaki na mwanga hafifu usiku kucha. Mwaitu, mama yangu, alipolala humo alifunika uso kwa shuka, akasema hawezi kulala huku anachunguliwa. Nikampigia fundi. "Usijali, mzee, hata melini huwa hivyo."

Mzee alijali. Nikaita fundi mwingine, huyu wa nchi kavu. Akazima swichi, akagusisha testa kwenye holda, na testa ikawaka. Ndugu zangu, swichi ilikuwa imefungwa kwenye nyutro badala ya waya wa moto! Ukizima, taa inafifia lakini moto umebaki palepale kwenye holda, na ule kidogo unaovuja ndio unaoifanya LED ibaki na mwanga. Siku ya kubadilisha balbu unapanda kwenye stuli ukiamini umezima, kumbe volti 240 zinakusubiri.

Kwenye boti dogo lenye betri ya volti 12, huenda kosa kama hilo usilihisi hata ukishika waya kwa vidole. Nyumbani ni msiba. Na hata huo utetezi wa bahari hauelei: botini nako swichi hukata waya chanya unaotoka kwenye betri. Kwa hiyo sijui hao wavuvi aliwaachaje.

Nimempigia tena arudishe pesa. Yuko safarini. Shemeji naye simu yake haina chaji, ingawa kwake stima ipo, na ilifungwa na mtu mwingine.

Msomaji, kabla hujauliza bei, uliza leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati. Kazi ikiisha, mwambie fundi azime kila swichi, kisha apime holda kwa testa yake ukiwa umesimama hapo. Na balbu ikiungua, zima swichi kuu kwanza, hata kama nyumba ilifungwa na malaika. Fundi akianza hadithi za bahari, mpe nauli ya kurudi Mombasa. Itakugharimu kidogo kuliko mazishi.