Sufuria ya Mzee

"Wewe uliye ndani ya sufuria, simama hapo hapo!"

Hivyo ndivyo nilivyokaribishwa nchini mwangu juzi Jumanne, mpakani Lunga Lunga, mbele ya madereva wa malori, wapagazi, akina mama wa machungwa na bibi mmoja aliyecheka mpaka akakaa chini. Nikasimama. Ukiwa umevaa sufuria ya kilo hamsini, kusimama ndilo jambo pekee linalofanyika kwa heshima.

Kilo hamsini, ieleweke, si uzito wa sufuria. Ni uzito wa mchele unaoingia. Sufuria za shughuli huku kwetu hazipimwi kwa lita wala kwa upana. Mtu akikwambia ana ya hamsini, ushajua wanakuja watu wangapi, wanachinjwa mbuzi wangapi, na jikoni kutakuwa na ugomvi wa kiasi gani. Ina masikio mawili kwa sababu imeumbwa ibebwe na watu wawili wanaosikilizana. Mimi nilikuwa mmoja, na hata huyo mmoja alikuwa hasikilizani na nafsi yake. Bodaboda aliponishusha Horohoro mvua ilikuwa imeshika. Nikaigeuza kifudifudi, nikaiweka kichwani, ikateremka mpaka mabegani. Humo ndani ni giza, kelele za mvua, na harufu ya iliki ya harusi ambazo waliooana wameshapata wajukuu. Nilichokiona ni viatu vyangu na mstari mweupe wa ukingo wa barabara. Nikaufuata mstari kwa imani, nao ukanipitisha kando ya jengo lile lile nililotakiwa kuingia.

Jengo lenyewe ni ajabu. Zamani mpaka ulikuwa unausimamia mara mbili: unagongewa muhuri wa kutoka upande huu, unavuka, unaanza foleni upya ugongewe wa kuingia upande ule. Siku hizi ni kituo kimoja cha pamoja, kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Ukitoka Tanzania, huulizwi neno Tanzania. Unapita zako. Unaingia jengo la upande wa Kenya, na humo amekaa afisa wa Tanzania, anayekuaga ilhali ushafika. Unasogea dirisha la pili, Mkenya anakupokea. Ukienda Tanga mambo yanageuka: Mkenya anakuaga ukiwa kwa Watanzania. Lakini zile hatua chache baina ya dirisha na dirisha ndizo zinazoninyima usingizi. Hapo umeshatoka Tanzania kwa muhuri, hujaingia Kenya kwa muhuri, na miguu yako imekanyaga sakafu ya Kenya kitambo. Uko nchi gani? Baba alilipenda sana hilo swali. Alikuwa akifika katikati ya madirisha anapunguza mwendo makusudi, anasema hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo hakuna anayemdai kodi.

Sufuria ilikuwa Tanzania kwa sababu Baba alikuwa hauamini mpaka. Si kwamba hakuujua. Aliujua kuliko sisi sote, mpaka na mwaka wake, 1886, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana kwamba mstari uanzie mdomo wa mto Umba uende zake Ziwa Jipe. Wadigo wakabaki huku na huku. Baba alisema mabwana wale hawakuuliza sufuria zitapita wapi kukiwa na harusi, kwa hiyo si kazi yake kuwajibia. Alikuwa nazo tatu, pamoja na mikeka na turubai, akamwazima yeyote aliyefikwa na jambo. Hakuandika popote. Sharti lilikuwa moja: irudi imesuguliwa kwa mchanga, na isirudi tupu, hata kama ni ukoko. Ya hamsini ilikwenda harusini Duga Maforoni. Kabla haijarudi, Baba akatutoka. Na hitima ya arubaini haipikwi kwenye sufuria ya nyanya.

Basi nikavuliwa. Wapagazi wawili walishika masikio, nikatoka.

"Hii ni ya biashara?" afisa akauliza.

"Ni ya Baba."

"Baba yako nani?"

Sikupata nafasi ya kujibu. Mama mmoja wa machungwa aliilaza ubavu, akafuta masizi ya kitako kwa ncha ya leso, akaonyesha alama iliyokwaruzwa kwa msumari: mkasi uliofunguka, jicho moja kubwa kuliko la pili kwa sababu msumari uliteleza. Baba alikuwa fundi cherehani. "Ya Mzee," akasema, na foleni nzima ikaitikia innalillahi. Yule Mtanzania wa dirisha la kwanza akainuka kitini. "Pole sana, kaka," akasema, huku akishika kiuno cha suruali yake. "Hii alinipunguzia yeye." Wa pili naye akaangalia pindo zake. Nilikuja kutambua kwamba nusu ya dola mbili huru ilikuwa imevishwa na marehemu, na mimi nimesimama mbele yake na masizi mpaka masikioni.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini yule mama alinitia kalamu mkononi.

Wanaoleta machungwa kutoka Muheza wana haki ambayo wengi wao hawajawahi kusomewa. Mzigo ukiwa wa thamani isiyozidi dola 2,000, na ukiwa ni mazao ya Afrika Mashariki yaliyo kwenye orodha iliyokubaliwa, mwenye mzigo anajaziwa cheti chepesi cha uasili hapo hapo mpakani, na cheti hicho kinamwondolea ushuru wa forodha. Hakimwondolei kila kitu. Baba aliwakumbusha kila mara: "Kimeondoa ushuru, hakijaondoa serikali." Lakini cheti ni bure. Baba, fundi asiye na cheo popote, alikuwa akiona foleni imetuna anaacha mguu wa suruali chini ya sindano, anavuka barabara na futi ya kupimia shingoni, anawajazia. Jina, mzigo, kiasi, ulikotoka, sahihi. Asiyejua kuandika alimfundisha herufi ya kwanza ya jina lake, ili angalau hiyo iwe ya mkono wake mwenyewe.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikawajazia, na nikasikia nisiyoyataka. Arubaini za Baba hazijaisha, na tayari kuna kijana mwenye shati lililopigwa pasi anayejaza karatasi hiyo hiyo kwa pesa, na kuwaambia akina mama kwamba ni ada. Ada ya nani? Mama ambaye faida yake ya siku ni nauli na unga anatozwa kwa jambo ambalo mawaziri walikaa wakaliandika kuwa ni bure. Wala haibi usiku. Anakaa mchana, mahali wazi, penye kivuli kizuri. Nilimtazama nikitafuta la kumwambia, naye akanitazama usoni, akanyoosha kidole, akanijulisha kwa upole kwamba nina masizi puani.

Hitima ilisomwa, pilau likaiva. Nilitaka kusimamia kupalia makaa juu ya mfuniko, nikafukuzwa jikoni na shangazi yangu. Viatu vyangu vilibebwa msikitini, nikarudi nyumbani na kandambili mbili, zote za kushoto. Nilimwita imamu kwa jina la mdogo wake.

La madeni lilikuwa limeshapita siku ya maziko. Kwa desturi, nilisimama kabla hatujamtelemsha, nikatangaza kwamba anayemdai marehemu aje kwetu, na anayedaiwa naye amesamehewa. Hakuja mtu mwenye shilingi, si ya Kenya wala ya Tanzania. Walikuja wenye nguo. Kanzu isiyo na mikono, sare ya shule isiyo na zipu, kila moja ikiwa imeachwa pale foleni ilipotuna ng'ambo ya barabara. Zote tumezipeleka kwa mafundi wengine isipokuwa suruali moja ya kitambaa cha kijivu, yenye mguu mmoja. Mwenyewe hataki ipelekwe popote. Ameshalipa, anasema, na amelipa nyumba hii. Kila jioni anapita barazani, anaulizia.

Jana nilimweleza kwa adabu zote kwamba kushona sikurithi, mimi ni mhasibu.

"Vizuri," akasema. "Basi ihesabu miguu."