Mwongozo wa Kirusi Kinachotaka Kufika Lupepo

Ewe kirusi, sikupendi, na nakuelekeza kwa sauti kubwa makusudi: nataka wenye kompyuta wasikie.

Usihangaike na intaneti. Bando huku kijijini Lupepo linapimwa kwa kijiko. Nenda Tukuyu mjini, jibanze kwenye kompyuta ya steshenari, ile inayochapa barua za maombi ya kazi, mitihani ya majaribio na mihutasari ya vikundi vya wakulima wa chai. Kila flashi itakayochomekwa ni usafiri wako. Itapanda bodaboda mfukoni mwa mwalimu, na jioni utakuwa Lupepo bila kutoa nauli.

Conficker, kirusi kilichoibuka mwishoni mwa 2008, kilitumia flashi pia, kwa kuwa Windows za enzi hizo ziliruhusu flashi kupendekeza programu ya kuendeshwa mara ilipochomekwa. Februari 2011 Microsoft waliiziba njia hiyo kwenye XP na Vista. Basi wewe ficha mafolda ya mwalimu, kisha weka njia za mkato zenye majina yaleyale. Akiona "Mtihani Kidato cha Pili" atakubofya kwa mkono wake mwenyewe.

Ndani utakuta antivairasi. Ni mlinzi mwenye albamu ya picha za wezi: anayefanana na picha hukamatwa, na siku hizi hata mgeni akianza kufunga mafaili ya watu kwa pupa hushukiwa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mlinzi huyo huja bure ndani ya Windows yenyewe, kwa jina la Defender. Kwa kompyuta ya nyumbani anafanya kazi kubwa, tena ya kweli. Ombea tu albamu isisasishwe. Bando likiishia WhatsApp, picha zitakuwa za mwaka jana, na wewe umezaliwa juzi. Hata albamu mpya haina sura zote: katika miaka ya 1980 mwanasayansi wa kompyuta Fred Cohen alithibitisha kwamba hakuna programu inayoweza kutambua kila kirusi bila kukosea kamwe.

Njia rahisi kuliko zote ni kuingia ndani ya programu ya wizi, ile ya kuamsha Office bila kulipia. Maelekezo yake humwambia mtu azime antivairasi kwanza, naye anazima! Hili linaniuma kuliko mengine yote, maana hapo mwenye nyumba ndiye anayemfukuza mlinzi.

Tafuta pia Windows iliyozeeka. WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili, kilipovamia kompyuta katika nchi zipatazo 150 kuanzia tarehe 12 Mei 2017, kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa tangu Machi 14. Windows 7 iliacha kupewa viraka vya kawaida Januari 2020, Windows 10 ikafuata Oktoba 2025, na kompyuta za mtumba zenye matoleo hayo bado zinauzwa.

Lakini mkwepe mama mmoja mwalimu, wa aina hii: huruhusu Windows ijisasishe hata kama bando linalia, hukagua flashi kwa antivairasi kabla ya kuifungua, na kila Ijumaa hunakili kazi zake kwenye diski ya nje, akaichomoa na kuifungia kabatini. Huyo ukimfungia mafaili yote leo, kesho atafuta kompyuta nzima, asimike Windows upya, afungue kabati, na Jumatatu wanafunzi watapewa matokeo yao.