Mihogo Juu ya Kiwanja cha Ndege

Picha yenyewe, kwa mtu asiyeelezwa, ni kitu bure: kipande cha lami iliyochakaa, msitu huku na huku, mihogo imeanikwa pembeni, na juu kabisa kidoa cha kijivu. Mwenyewe anaapa kuwa kidoa hicho ni ndege. Wenzake wanashikilia kuwa ni nzi.

Ni Jumapili, misa imekwisha, na mvua imewasukuma watu chini ya bati la chumba kimoja cha kuchajia simu hapa Mubi, katika Walikale, mashariki mwa Kongo. Hakuna aliye fotografe wa kazi. Yumo mwalimu, yumo motari wa pikipiki, yumo mama anayeuza sombe, yale majani ya mihogo, wamo vijana wawili ambao shughuli yao haijulikani vizuri, na yumo mwandishi wa makala haya, aliyekuja kuchaji simu akakuta mashindano. Sharti ni moja: kila mtu atoe picha anayoipenda kuliko zote na aeleze alivyoipata. Sharti la pili halikutamkwa, ila linafuatwa kwa bidii zaidi: wengine wana ruhusa ya kucheka.

Mwalimu ndiye mwenye nzi, au ndege. Ilikuwa 2009, na asiyeijua Kilambo ya miaka ile hatacheka inavyopasa. Kasiteriti, jiwe linalotoa bati, ilipogunduliwa kwenye kilima cha Bisie mwaka 2002, wabebaji walianza kuteremka na mizigo ya kilo 50 mgongoni, zaidi ya kilomita 40 za njia ya msitu hadi Njingala. Kutoka huko mzigo ulipanda gari mpaka Kilambo, mahali penye kitu adimu katika Walikale yote: lami iliyonyooka. Ndege ndogo za Goma zikawa zinatua barabarani, zinapakia tani mbili hivi, zinaruka. Mtu wa pikipiki alisimama kupisha ndege kama wengine wanavyopisha ng'ombe. Na kwa kuwa jua la msituni ni la kuvizia, akina mama nao walikuwa na kazi yao juu ya lami hiyo hiyo.

Mwalimu akatoa simu yake ya vitufe, akapiga. Askari akatokea.

"Weye, unapiga foto ya nini?"

"Ya barabara, komanda."

"Hii haiko barabara. Iko kiwanja ya ndege. Kiwanja ya ndege haipigwe foto."

Hapo mwalimu akafanya kosa la walimu: akajibu kwa hoja. Aliuliza, kwa heshima zote, kama pikipiki zile mbili na mbuzi yule wana tiketi. Mama aliyekuwa akigeuza mihogo akaona naye aongeze lake: "Komanda, kama iko kiwanja ya ndege, njo maana mihogo yangu inaruka kila siku."

Askari hakucheka, au alicheka kwa ndani. Aliamuru picha ifutwe palepale, mbele ya macho yake. Vidole vikimtetemeka, mwalimu akabonyeza, akabonyeza tena, akaonyesha kioo kitupu, akaachiliwa. Usiku, nyumbani, ndipo alipogundua kuwa kidoa chake kipo salama salimini. Alichofuta ni picha zote za ubatizo wa mpwa wake. Dada yake hakumsemesha mpaka Noeli.

Bisie sasa ina mgodi wa kiwanda, ulioanza kutoa bati mwaka 2019. Picha ya mwalimu imekwisha kuhamia simu nne, na kila ikihama inapungua ukali, kwa hiyo hoja ya nzi inazidi kupata nguvu.

Mama wa sombe hakutaka kuanza. "Nyie mtanicheka," alisema, na alisema kweli. Hapa simu haichajiwi kitandani. Inapelekwa kwa mwenye sola au jenereta, inabandikwa kipande cha karatasi chenye namba, na kulala ugenini na wenzake thelathini. Siku moja alipoichukua yake asubuhi aliikuta imejaa chaji, na imejaa kijana wa kuchaji. Picha sitini na moja. Kijana amekunja uso, kijana amenuna, kijana amevaa miwani ya mteja, kijana amevaa waya wa chaja shingoni kama mkufu. Mama akakaa kwenye kigoda kuzifuta moja moja, akimlaani kwa kila aliyoifuta.

Alipofika kwenye ya hamsini na kitu, kidole kikasita. Kijana alikuwa amejilenga akajikosa. Sikio lake tu ndilo lililoingia. Lakini nyuma ya sikio, mlangoni, mvua inamwagika, na mwanamke anavuka njia kwa haraka, amefunika kichwa kwa jani la mgomba, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Mama aliitazama kwa muda kabla ya kuitambua ile kandambili.

"Ni mie. Narudi nyumbani, nimetoka kumwachia simu."

Picha nyingine zote alizo nazo ni za harusi na matanga, amesimama wima kama mlingoti. Hii ndiyo pekee ambayo hakujua anapigwa. Kijana mwenyewe, aliyekuwa akisikiliza huku akizungusha nyaya, alitoa utetezi wake: "Mama, nilikuwa najaribu kama simu imepona."

Ya motari ilikuwa fupi. Picha aipendayo ni picha ya picha: kadi yake ya mpiga kura, aliyoipiga siku ile ile alipoipokea mwaka 2023 ili kumringia mkewe. Katika Kongo kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha watu wengi, na nyingi za mwaka ule zilianza kufutika kabla hazijazoea mfuko. Yake imebaki karatasi ngumu yenye kivuli. Kwenye bariera hutoa vyote viwili, kadi na simu. "Huyu wa kwenye simu nani?" "Ni mie." "Na huyu wa kwenye kadi?" "Ni mie pia, lakini nimeondoka."

Zamu ya mwandishi ilikuwa ya aibu. Aprili 2019, Mathieu Shamavu, mlinzi wa hifadhi ya Virunga, alijipiga selfi na sokwe wawili yatima, Ndakasi na Ndeze, wamesimama wima nyuma yake kama wajomba kwenye harusi, na dunia nzima ikaitazama. Mwandishi naye aliamua kwamba kama ni mnyama na tabasamu tu, hata Mubi inawezekana. Alimchagua beberu wa jirani. Beberu alitulia vizuri, akatazama lenzi vizuri, halafu akala kofia. Picha imenasa nusu ya kofia, meno ya beberu, na jicho moja la mwandishi likitazama juu, kule kofia inakoelekea. Alidai fidia kwa jirani. Jirani akaomba aione picha kwanza, akaicheka, akaomba nakala, na fidia haikutajwa tena.

Mvua ilipokatika wakakubaliana wapige ya pamoja. Simu ya mwalimu iliegeshwa juu ya bidoni, ikawekewa sekunde kumi, mwalimu akakimbia kujiunga na safu. Sekunde zilikuwa tatu, ama yeye ana miaka mingi kuliko anavyosema. Picha ina mgongo wa mwalimu mguu juu, mama wa sombe akimnyooshea mkono, na kijana wa kuchaji, peke yake, akitazama kamera sawasawa na amenuna.

"Futa, tupige tena," mtu akasema.

Mwalimu akashika simu kwa mikono miwili, akaitia mfukoni, akafunga kishikizo.